Sambaza, vizibo na maharage: namna ya kufundisha takwimu kwa watu mia mbili hapa Bukavu

Mwongozo huu ni wa asista (mhadhiri msaidizi) aliyepewa kozi ya takwimu wiki mbili kabla ya muhula kuanza. Ukumbi una watu mia mbili, umeme unakuja kwa zamu, projekta ni moja kwa kitivo kizima, na silabusi aliyoirithi ni fotokopi ya fotokopi mpaka alama za sigma zinafanana na mchwa waliokanyagwa.

Nilikuwa asista huyo. Miaka mitatu ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: fomula ubaoni, mfano mmoja, zoezi, mtihani. Wanafunzi walipita. Kisha mmoja wao, binti niliyempa 17 kwa 20, akanifuata na data za TFC yake, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo: kaya sitini za mtaa wa Panzi, maswali ya maji ya kunywa. "Asista, nisaidie tu, niweke testi gani?" Nikamuuliza kaya hizo alizipataje. Akasema ni zile zilizokuwa na mtu nyumbani saa nne asubuhi. Alilisema hivihivi, bila wasiwasi wowote. Na mimi niliyempa 17 sikuwa nimemfundisha kuwa na wasiwasi hapo. Yanayofuata yote yametokana na aibu ya siku ile.

Hatua ya 1: Kata silabusi kabla hujaingia darasani

Keti na kalamu nyekundu. Kwa kila ukurasa jiulize: mwanafunzi akiwa mbele ya TFC yake, au ofisini na ripoti mezani, ukurasa huu utamsaidia kuamua nini? Kukokotoa variansi (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) ya data zilizopangwa kwa madaraja, kwa mkono, kurasa nane: futa saba. Kukisia namba iliyo kati ya mistari miwili ya jedwali: futa zote, kompyuta na simu zimeshaimaliza kazi hiyo. Bakiza mambo matano: vitu hutofautiana, sampuli inaingiaje mkononi mwako, kulinganisha makundi mawili, uhusiano wa vipimo viwili, na namna ya kusema "sina uhakika kamili" kwa namba.

Kuna mwenzako atakuambia unashusha kiwango. Mwonyeshe mwongozo wa GAISE wa Chama cha Takwimu cha Marekani, wa 2005 na ulioboreshwa 2016. Unasema fundisha kufikiri kitakwimu, elewesha dhana kabla ya hesabu, tumia data halisi, washughulishe wanafunzi, tumia teknolojia, na mitihani iwe ya kusaidia kujifunza. Ukiusoma ukiwa Bukavu unaona jambo zuri: katika mapendekezo hayo sita, ni moja tu linalohitaji umeme.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, uliza swali ambalo hata wewe huna jibu lake

Usianze na "takwimu ni sayansi ya...". Ingia, wasalimie, kisha uliza: "Sisi Wakongo, tuko wangapi?" Kila mtu aandike namba kwenye kikaratasi, bila kumwangalia jirani, bila simu. Kusanya vikaratasi thelathini hivi na uviandike ubaoni vilevile. Utapata tofauti ya mamilioni na mamilioni, na ukumbi utaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Hapo ndipo uwaambie: sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanywa 1984, tukaonekana kama milioni 30. Tangu hapo hatujahesabiwa tena. Namba yoyote inayosemwa redioni leo ni makadirio. Waache wakae na jambo hilo kidogo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1984, hata wazazi wa baadhi yao walikuwa watoto. Kisha uliza swali la kozi nzima: mtu anawezaje kusema kitu cha maana juu ya watu ambao hajawahesabu?

Ukiona kimya, umefanikiwa. Usikijaze kimya hicho kwa fomula.

Hatua ya 3: Nunua sambaza

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikilieleza kwa urefu.

Unahitaji sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakavu wapatao 700. Wabichi wana harufu, na ukumbi wa saa nane mchana hausamehe. Mtume CP (kiongozi wa wanafunzi) wa darasa anunue kwa akina mama wawili tofauti, tuseme mmoja wa soko la Kadutu na mwingine wa soko la Nyawera, na mifuko isichanganywe. Gawa darasa katika makundi ya watu wanane. Kila kundi lipate sambaza 25 kutoka mfuko mmoja, rula ya milimita, na karatasi kubwa ambayo samaki wanalazwa juu yake kwenye nafasi zilizoandikwa 1 mpaka 25.

Kwanza, kabla mtu hajagusa rula, kila mwanafunzi akisie urefu wa wastani na auandike. Usiruke jambo hili. Mtu aliyeandika kisio lake ana kitu cha kupoteza, na mwenye kitu cha kupoteza hasinzii.

Pili, kundi lichague kwa macho samaki watano "wanaowakilisha wenzao", liwapime, lipate wastani. Tatu, vikaratasi 25 vyenye namba viingie kofiani, vitolewe vitano bila kuangalia, na samaki wa namba hizo wapimwe. Nne, wapimwe wote 25.

Katika hatua ya kupima kutazuka ugomvi, na ugomvi huo ni wa thamani. Tunapima mpaka wapi? Mpaka ncha ya mkia, au mpaka pale mkia unapogawanyika? Na huyu aliyevunjika mkia njiani tumfanyeje? Makundi mawili yatapima kwa namna mbili kabla mtu hajagundua. Usiwaamulie haraka. Wakishagombana vya kutosha, waambie wataalamu wa samaki nao wana vipimo hivyo viwili, na kila ripoti lazima iseme umetumika upi. Dakika kumi hizo zinafundisha maana ya "kipimo" kuliko sura nzima ya silabusi yangu ya zamani.

Sasa ubao. Kundi moja litoe urefu wake, nawe uupange kwa shina na majani, njia ambayo Mmarekani John Tukey aliieneza katika miaka ya 1970. Makumi kushoto, mamoja kulia:

5 | 8 9
6 | 1 3 4 4 6 7 9
7 | 0 0 2 3 3 5 6 8 8
8 | 1 2 4 7
9 | 0 5
10 |
11 | 2

Chaki tu, na darasa linaona umbo. Katika mfano huu namba ya katikati, ile ya 13 ukihesabu kutoka juu, ni milimita 73. Wastani ni 74,7. Mtoe yule mkubwa wa 112: wastani unashuka mpaka 73,1, lakini namba ya katikati inasogea nusu milimita tu. Waulize kwa nini, na waache waeleze kwa Kiswahili. Mwaka mmoja kijana wa nyuma kabisa alisema, "Huyu mkubwa anavuta wastani kwa uzito wake, lakini katikati anahesabiwa kama mtu mmoja." Sijawahi kukuta maelezo bora kuliko hayo, hata katika vitabu nilivyosoma kwa Kifaransa.

Kuhusu lugha, msimamo wangu ni huu: mtihani ni Kifaransa, silabusi ni Kifaransa, lakini kubishana ni kwa Kiswahili. Mtu anayetafuta maneno hawezi kutafuta wazo kwa wakati uleule. Wakishaelewa, wape neno la Kifaransa waliandike daftarini.

Rudi sasa kwenye wale watano wa macho na watano wa kofia. Uliza kila kundi: wastani wa macho ulizidi wastani wa samaki wote 25? Hesabu mikono. Kisha wastani wa kofia? Hesabu tena. Kwa kawaida macho hukimbilia wakubwa na mikono mingi hupanda, ilhali ile ya kofia hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni hapo siku moja msichana mmoja alisimama akasema, "Asista, si ni kama sombe! Ukionja bila kukoroga unakutana na mawese tu." Sombe ni majani ya muhogo, na mawese yake huelea juu. Nililiandika ubaoni, na mpaka leo darasani kwangu sampuli mbaya inaitwa sampuli ya mawese.

Malizia kwa swali la mwisho: hawa 25 wanatueleza nini juu ya sambaza wa ziwa Kivu? Watakuorodheshea wenyewe vichujio vyote. Matundu ya nyavu huwaachia wadogo. Wavuvi huvua usiku kwa taa, kwa hiyo wanapatikana wale wanaofuata mwanga. Mama sokoni ameweka wakubwa juu ya fungu. CP naye alichagua mafungu mazuri kwa sababu hela si yake. (Ukipenda, waambie pia kwamba sambaza si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Darasa zima hushangaa, hata waliozaliwa kando ya maji.) Baada ya somo hili, yule binti wa kaya sitini asingekuwa na amani na saa nne yake ya asubuhi.

Hatua ya 4: Acha sarafu, tumia vizibo

Vitabu vyote vya Ufaransa vinasema rusha sarafu. Sarafu ipi? Mfukoni mwa Mkongo kuna noti tu. Nilihangaika na jambo hilo mpaka nikagundua kwamba kizibo cha chupa ya bia au soda ni bora zaidi. Sarafu kila mtu anajua ni nusu kwa nusu, kwa hiyo hakuna cha kutafuta. Kizibo kikirushwa kinaangukia meno juu au meno chini, na hakuna ajuaye mapema ni kwa kiasi gani.

Kila mwanafunzi arushe kizibo mara 20 na ahesabu mara ngapi meno yako juu. Uliza kwa kunyoosha mikono: nani ana 5? 6? 7? Panga X ubaoni kwa kila mkono. Utaona kilima, na mwenye namba ndogo sana na mwenye kubwa sana watatazamana kwa mashaka. Kisha kila kundi la wanane lijumlishe mirusho yake 160 na litoe asilimia. Chora kilima cha pili chini ya kile cha kwanza, kwa kipimo kilekile.

Sasa nyamaza waangalie. Data zimeongezeka mara nane, lakini kilima hakikuwa chembamba mara nane. Kimepungua upana karibu mara tatu, ambayo ni kipeuopili cha nane. Hapo fomula ya kosa sanifu, kipimo cha jinsi makadirio yanavyotawanyika, inaingia darasani kama mgeni aliyekuwa akingojewa, na unaweza kuiandika bila mtu kuuliza inatoka wapi.

Hatua ya 5: Mfuko wa maharage na gorila wa Kahuzi

Nyumbani weka punje 260 za maharage meusi mfukoni. Usimwambie mtu idadi. Darasani toa 40, weka 40 za njano mahali pake, tikisa. Kundi moja litoe punje 50 bila kuangalia. Kama njano ni 8, makadirio ni 40 mara 50 gawanya kwa 8, yaani 250. Rudisha, tikisa, pitisha kundi lingine. Hawa wamepata 5: makadirio yao ni 400. Wale wamepata 10: 200. Makundi kumi yanatosha. Mfuko ni uleule, majibu ni kumi, na hakuna aliyekosea hesabu.

Kisha wape habari ya kweli. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba gorila wa Grauer, hawa wa milima yetu ya mashariki, wamebaki 3 800, kutoka kama 16 900 miaka ya 1990. Mwaka 2021 makadirio mapya yakasema 6 800. Je, walizaliana? Jike la gorila huzaa mara moja katika miaka minne hivi, kwa hiyo hapana. Kilichobadilika ni misitu iliyofikiwa na njia ya kukokotoa; gorila wenyewe hawahesabiwi mmoja mmoja, mara nyingi huhesabiwa viota vyao. Mwanafunzi aliyeona mfuko mmoja ukitoa 200 na 400 hashtuki na habari hiyo, wala hasemi "wazungu wanadanganya", jambo ambalo zamani nililisikia kila mwaka.

Ni baada ya hapo tu ndipo ninapofundisha makadirio yenye mipaka miwili, ya chini na ya juu. Inachukua nusu saa.

Hatua ya 6: Ile 0,05

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaiheshimu 0,05, ule mpaka wa kuamua kama tofauti si ya bahati tu, kama amri ya kumi na moja. Ivue heshima hiyo kwa vikaratasi.

Chukua sambaza kumi wa Kadutu na kumi wa Nyawera. Tuseme wastani wao unatofautiana kwa milimita 4. Andika urefu wa kila mmoja kwenye kikaratasi, changanya vyote ishirini, gawa upya kumi kwa kumi, tafuta tofauti. Kila mwanafunzi afanye mara moja kwa zamu ndani ya kundi lake: tayari una michanganyo mia mbili. Ikiwa tofauti ya milimita 4 au zaidi, upande wowote, imetokea mara 31, basi bahati peke yake huizalisha mara 31 kwa 200, kama 0,16. Hiyo ndiyo thamani ya p. Hakuna jedwali, hakuna herufi ya Kigiriki. Na inazungumzia mafungu haya mawili, si masoko mawili. Sisitiza hilo, maana hapo ndipo TFC nyingi huteleza.

Wakishaelewa, wasimulie juu ya William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa na sampuli ndogo na mwaka 1908 akachapisha suluhisho lake kwa jina la bandia, "Student". Ndiyo maana testi ya kulinganisha wastani wa makundi mawili tunaiita testi ya Student. Miaka yote ya masomo yangu nilidhani ni kwa sababu ni testi ya wanafunzi.

Hatua ya 7: Kuchora, na kompyuta

Haraka hapa. Toa fotokopi ya seti nne za data za mtakwimu Anscombe za 1973, zenye nukta 11 kila moja. Wastani wa x ni 9 kote, wa y ni 7,5, kipimo cha uhusiano wa x na y ni 0,82, mstari unaopita kati ya nukta ni uleule. Nusu ya darasa ikokotoe, nusu ichore kwenye karatasi ya miraba. Waliokokotoa watatangaza kwamba data zote nne ni sawa, waliochora watacheka, maana michoro yao minne haifanani.

Kwa kompyuta, tumia R, programu ya takwimu. Ni ya bure, inasambazwa kwa flashi, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Laptopu moja kwa kundi yatosha, zikiwa zimechajiwa usiku. Usifundishe amri arobaini. Fundisha sita, na waanze na data zao wenyewe za sambaza. Atakayetaka zaidi atakutafuta.

Hatua ya 8: Badilisha mtihani, la sivyo umefanya mchezo tu

Hapa ndipo wengi tunashindwa. Unapima sambaza muhula mzima, kisha unatoa mtihani wa "kokotoa variansi ya namba kumi na mbili". Mwanafunzi si mjinga. Mwaka unaofuata atamwambia mdogo wake: hudhuria ukitaka, lakini soma mitihani ya zamani. Katika taasisi moja niliyofundisha niliambiwa kwamba mtihani usio na hesabu nyingi "haukaguliki". Nilijibu kwa kuweka jedwali la alama juu ya kila karatasi, na mjadala ukaisha.

Swali langu la kawaida liko hivi: "Mhoji amepita kwenye kaya 60 zilizo kando ya barabara kuu, siku za kazi, saa nne asubuhi. Kaya 45 zimesema zinapata maji kila siku. Matokeo ya kompyuta yako hapa chini. (a) Taja kaya mbili ambazo hazikuwa na nafasi ya kuhojiwa. (b) Je, asilimia 75 inaelekea kuwa kubwa au ndogo kuliko hali halisi ya mtaa? Kwa nini? (c) Ungekuwa na siku mbili na waendesha pikipiki wawili, ungechagua kaya namna gani?" Kila jibu mistari minne, sio mitano. Mistari minne ni kwa faida yako: kopi mia mbili zinasomeka kwa siku tatu.

Ruhusu karatasi moja ya fomula iliyoandikwa kwa mkono. Katika (b), mpe alama yule aliyesema "kubwa" na yule aliyesema "ndogo", kila mmoja akiwa na sababu inayosimama. Wa kwanza atasema bomba hufuata barabara. Wa pili atasema wenye maji ya uhakika ndio walioajiriwa, nao saa nne wako kazini. Anayesema "kubwa" bila sababu apate sifuri, hata akikulilia mlangoni.

Na sambaza waliopimwa, usiwabebe kwenda ofisini. Niliwahi kuwasahau ndani ya kabati la kitivo tangu Ijumaa, na Jumatatu mama wa usafi alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Siku hizi CP anawagawa kabla watu hawajatoka, na kila kundi linaondoka na samaki wake 25 waliofungwa kwenye karatasi ileile yenye namba.